Datsun 240Z inazimika ikipata moto na pedali ya breki inazama: tufanye nini kabla ya kushindana?

*Swali:* Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni marafiki wanne wa hapa Tabora. Tumechangishana tukanunua Datsun 240Z ya 1972 iliyokuwa imelala Dar es Salaam. Wenzetu wengine wana Peugeot 504 na Toyota Celica ya zamani. Tunataka kushindana wikiendi moja, Jumamosi na Jumapili, kwenye shamba la shemeji yangu njia ya Sikonge, pana nafasi na udongo ni mgumu. Jumamosi iliyopita tulijaribu gari. Raundi tano sita linakwenda vizuri, tukisimama kubadilishana dereva linazimika, halikubali kuwaka mpaka ipite nusu saa, na linanuka petroli. Mara mbili pedali ya breki ilizama hadi chini, tukapiga pampu ikarudi. Fundi mmoja anasema tutoe themostati na tufunge kitambaa chenye maji kwenye pampu ya mafuta. Mwingine ana pampu ya umeme iliyotoka kwenye Corolla, anataka kuifunga. Gari hili si ndilo lililoshinda Safari Rally? Mbona linatusumbua hivi? Pia fundi wa mageti amesema atatutengenezea vyuma vya ndani vya kuzuia gari lisibonyee likipinduka, kwa bomba. Na mwenzetu mmoja anashauri Jumapili alfajiri twende lami, maana magari hayapo.

*Jibu:* Ndugu zangu, nitajibu kwa kufuata hatari ilipo, hata kama mpangilio wa maswali yenu utavurugika. Injini inayozimika inaudhi tu. Pedali iliyozama inaua, na ninyi mmeitaja katikati ya barua kama jambo la kupita. Kuanzia leo hadi breki zitakapotengenezwa, gari hilo lisitoke hata kwenda kununua mkate.

Pedali huharibika kwa namna tatu, na kila namna ina ugonjwa wake. Ikizama baada ya kufunga breki kwa nguvu mara nyingi, kisha ikarudi ukipiga pampu, mafuta ya breki yamechemka. Ikibaki juu na ngumu lakini gari halisimami, pedi zimepata moto kupita uwezo wake. Ikishuka taratibu huku umeikanyaga, gari limesimama na limepoa, wala hakuna panapovuja, basi raba za ndani ya masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, zimechoka. Maelezo yenu yanaangukia kwenye la kwanza, ingawa kwa gari la umri huu la tatu linaweza kuwa limejificha nyuma yake. Kulipima ni rahisi: gari likiwa baridi, kanyaga kwa nguvu ya wastani uhesabu hadi 60. Pedali ikishuka hata kidogo, masta silinda ifunguliwe.

Kinachotokea ni hiki. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani, polepole, hata kama mfuniko umefungwa. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Gari lililolala Dar miaka mingi, kwenye hewa ile ya pwani, lina mafuta yaliyonyonya vya kutosha. Mkifunga breki raundi tano mfululizo, joto la diski linapita kwenye pistoni na kuyafikia, yanatoa mvuke. Majimaji hayabanwi, mvuke unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kubana mvuke na haifiki kwenye pedi. Ukipiga pampu unasukuma mafuta zaidi kufidia nafasi hiyo, ndiyo maana pedali ilirudi. Siku mvuke utakapozidi uwezo wa masta silinda, haitarudi.

Nunueni lita moja na nusu ya DOT 4, kwenye makopo ambayo lakiri yake haijafunguliwa. Kopo lililokaa nusu kwenye rafu ya gereji tangu masika halifai. DOT 5 msiiguse: hiyo ni silikoni, haichanganyiki na mliyonayo, na namba kubwa isiwadanganye mkaona ni bora zaidi. Na mtu yeyote akikaribia chupa ya breki na oili ya injini au ya usukani, mfukuzeni, kwa sababu raba zote zitavimba na itabidi mfungue mfumo mzima. Nyonyeni mafuta machafu kwenye chupa, jazeni mapya, kisha toeni upepo mkianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mpaka yatoke meupe bila viputo. Chupa isikauke katikati ya kazi, la sivyo mnaanza upya.

Kabla ya hapo, badilisheni mabomba yote ya raba yanayoenda kwenye magurudumu. Nje yanaweza kuonekana mazima kabisa wakati ndani yamevimba na kuacha tundu la sindano. Mguu una nguvu ya kupitisha mafuta hapo, lakini ukiachia hayarudi, pedi inaendelea kugusa diski, na joto linapanda hata kwenye sehemu ya kunyoosha. Kazi ya breki ikiisha, hakikisheni hakuna inayoshika: endesheni shambani kilomita mbili polepole bila kufunga breki, simameni kwa gia na mwinuko, kisha sogezeni kiganja karibu na kila rimu. Linalotoa joto kuliko wenzake lina breki inayoshika. Nyuma mna ngoma. Fungueni mtazame kama wili silinda zinavuja na kama liningi zimelowa. Liningi iliyolowa mafuta haisafishwi, inatupwa.

Pedi mpya nazo zinataka kuzoeshwa. Kutoka kilomita 60 kwa saa shusheni hadi 20, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, halafu endesheni dakika kumi bila kugusa breki. Msivute breki ya mkono zikiwa na moto.

Sasa injini. Fundi mwenye pampu ya umeme anafikiri kwamba mafuta hayafiki. Harufu ya petroli inampinga. Kama mafuta yangekuwa hayafiki, gari lingezimika likivuta, katikati ya raundi, na plagi zingekuwa kavu. Lenu linazimika mkisimama, na linanuka. Nadhani petroli inafika kupita kiasi, kwa njia isiyo yake.

Kwenye injini hii ya L24 yenye silinda sita, kabureta mbili na manifodi ya ekzosi ziko upande mmoja, kushoto, kabureta zikiwa juu ya ekzosi. Gari likitembea, upepo unapita na petroli mpya inaingia muda wote. Ukisimama, upepo unakatika. Ukizima, feni na mzunguko wa maji vinasimama pia, na joto lote la ekzosi linapanda moja kwa moja hadi kwenye mabakuli ya kabureta. Petroli ni mchanganyiko; sehemu yake nyepesi huanza kuchemka hata kabla ya nyuzi 40. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo inachemka mapema kuliko ilivyokuwa ikichemka Dar. Ikichemka inafurika kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, inapita kwenye jeti na kumwagika ndani ya manifodi. Mkijaribu kuwasha, silinda zimejaa mvuke wa petroli tupu na plagi zimelowa. Nusu saa baadaye imekauka, gari linawaka likikohoa.

Hata hivyo msiniamini kabla ya kupima, maana kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huu sana: koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche. Likizimika tena, fungueni plagi mbili. Zikiwa nyeusi na zimelowa, mafuta yamezidi. Zikiwa kavu, angalieni filta ya petroli ile inayoonyesha ndani. Ikiwa imejaa viputo, mvuke umeziba njia. Kisha pimeni cheche, mbali na petroli, plagi ikigusa chuma cha injini na ikishikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzima. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo, shikeni koili. Koili ya asili ya gari hili inafanya kazi na rezista inayopunguza umeme. Mtu akiiruka rezista ile na kuipa koili volti 12 moja kwa moja, itachemka, itakufa baada ya nusu saa na kufufuka ikipoa. Kondensa ya kwenye distributa nayo ina tabia hiyo hiyo. Wakati mko hapo, poini ziwe na mwanya wa milimita 0.45 hadi 0.55, na waya za plagi zifuate 1-5-3-6-2-4.

Ikithibitika kuwa ni petroli kuchemka, tiba ni nyingi ndogo ndogo, na zinafanya kazi pamoja. Ya kwanza haigharimu kitu na ndiyo inayosahauliwa. Kwenye 240Z petroli inazunguka: pampu inaileta mbele ya kichwa cha injini, inapita kwenye bomba linalogawia kabureta, na isiyotumika inarudi kwenye tangi kupitia tundu dogo sana. Mzunguko huo ndio unaopoza bomba. Kutu ya tangi ikiziba tundu, petroli inasimama pale pale juu ya joto. Injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa nje, chomoeni waya wa koili, toeni bomba la kurudisha, lielekezeni kwenye chupa na mzungushe stata sekunde chache. Lazima petroli itiririke. Isipotoka, pigeni upepo wa kompresa kutoka upande wa tangi, tangi likiwa wazi, halafu safisheni tangi lenyewe, kwa sababu kutu itarudi.

Ya pili: kati ya kila kabureta na manifodi pana kipande kinene cha kuzuia joto. Mafundi wengi wakikikuta kimepasuka hukitupa na kuweka gasketi ya karatasi peke yake. Angalieni kama vyenu vipo. Chini ya kabureta panatakiwa bati la kukinga joto. Kama halipo, kateni la alumini la milimita 1.5, liache nafasi ya sentimita moja hivi chini ya mabakuli, lisiguse ekzosi. Bomba la petroli linalopita karibu na nyumba ya themostati lisogezwe au livikwe kinga. Raba iwe ya petroli. Raba ya maji inayeyuka kwa ndani na makombo yake yanaingia kwenye nidili za kabureta, vile vijisindano vinavyofungulia na kuzuia petroli.

Ya tatu ni mazoea ya dereva. Raundi ya mwisho iendeshwe polepole, bila kuvuta. Mkisimama msizime; achieni injini izunguke dakika mbili, boneti wazi, gari likiwa limeelekezwa upepo unakotoka. Kwa hali ya Tabora, Septemba na Oktoba hasa, hili peke yake linaweza kuondoa nusu ya tatizo.

Kitambaa cha maji hakina madhara, ila kinapoza mahali pasipohusika. Pampu iko upande wa kulia wa kichwa cha injini, kabureta ziko kushoto.

Pampu ya Corolla mkataeni mwenye nayo kwa heshima. Kama gari ilimotoka lilikuwa la injekta, pampu ile inasukuma zaidi ya psi 40. Nidili ya kabureta zenu inazuia psi 3 au 4 tu. Petroli itapita, itajaza mabakuli, itamwagika juu ya ekzosi iliyowaka, na hapo mtahitaji zaidi ya kitambaa cha maji. Wazo la pampu ya umeme si baya lenyewe. Iwe ya magari ya kabureta, isizidi psi 4, ifungwe chini karibu na tangi kwa sababu pampu hizi zinajua kusukuma kuliko kuvuta, na waya wake upite kwenye swichi ya presha ya oili ili injini ikizimika kwa ajali nayo ikatike. Bila swichi hiyo, gari likipinduka pampu inaendelea kumwaga.

Themostati isitolewe. Najua ni desturi, na kwenye gari linalochemsha huonekana kama imesaidia kwa siku mbili tatu. Ile ni mlango unaofanya injini ifikie joto lake haraka na kubaki hapo. Bila hiyo oili inakaa baridi na nzito na silinda zinalika. Zaidi ya hayo, kizuizi chake kinasaidia kuweka presha ya maji ndani ya kichwa, ambako joto karibu na valvu za ekzosi ni kali. Kikiondoka, viputo vya mvuke vinaweza kuzaliwa pale pale, na kichwa cha alumini hakivumilii joto la mahali pamoja. Nissan walitoa themostati ya nyuzi 82 kwa nchi za kawaida na ya 76.5 kwa nchi za joto. Tafuteni hiyo ya pili. Mkiipata itumbukizeni kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, muone inafunguka wapi. Mfuniko wa rejeta uwe ulioandikwa 0.9: kwa mwinuko wenu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, presha ya mfuniko ndiyo inayosogeza mpaka huo juu. Na maji ya kisima yasiingie, chumvi yake inakula alumini. Maji ya mvua au ya betri, nusu kwa nusu na kipozea cha dukani.

Mlinunua gari Dar, kwa hiyo huenda kabureta zilipangwa kwa hewa ya Dar. Huku juu hewa ni nyepesi na mchanganyiko unakuwa mzito wa petroli, jambo linaloongeza kulowa kwa plagi. Nguvu yenyewe imepungua kama asilimia 12 na hakuna skrubu itakayoirudisha. Nati ya chini ya kila kabureta ipandishwe hadi mwisho, ishushwe mizunguko miwili na nusu, injini ipashwe moto, kisha ipandishwe kwa robo mzunguko, zote mbili sawasawa, mkisikiliza. Plagi ya BP6ES ikitoka na rangi ya kahawia iliyofifia, hapo hapo. Ikiwa nyeupe mmepitiliza. Petroli chache kwenye mzigo mkubwa inatoboa pistoni. Nafasi za valvu, injini ikiwa na moto, ni milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za ekzosi. Zipimeni kabla na baada ya wikiendi. Nafasi ya ekzosi ikiendelea kupungua, valvu inazama kwenye kiti chake, na hilo ni la fundi wa kichwa.

Filta ya hewa msiitoe ili "ivute vizuri". Vumbi jekundu la njia ya Sikonge likiingia bila kizuizi linasaga ringi, na wikiendi moja inatosha kuonekana kwenye moshi. Petroli nunueni kituoni, si ya madumu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa haitachemka mapema zaidi, tuwe wakweli, mafuta ya taa ni mazito. Itashusha oktani na injini itagonga ikivuta.

Kuhusu Safari: ndiyo, 240Z ilishinda mara mbili, 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, mara hiyo ya pili kwa alama sawa na Datsun nyingine hadi ikabidi kanuni iamue. Lakini yale yalikuwa magari mapya ya kiwandani, yaliyoimarishwa bodi na shokapu, yakifuatwa na mafundi wenye vipuri. Lenu lina zaidi ya miaka 50, na adui yake mkubwa haonekani chini ya boneti. Chukueni bisibisi ngumu mlale chini. Dungeni reli mbili zinazopita chini ya sakafu, bati chini ya betri, panapofungwa shokapu za nyuma, na panapokaa usukani kwenye fremu. Bisibisi ikizama, mashindano yameahirishwa.

Hilo linanipeleka kwa fundi wa mageti. Bomba la maji au la geti lina mshono wa kuchomelea urefu wake wote, na mshono huo unapasuka bomba likipigwa. Lile lililopakwa zinki linatoa mafusho mabaya likichomwa na kuacha weldi yenye vitundu. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye nguvu isiyopungua 350 N/mm²: upinde mkuu wa 45 × 2.5 mm au 50 × 2.0, na mengine 38 × 2.5 au 40 × 2.0. Kila mguu ukae juu ya bati la milimita 3, lenye eneo la sentimita 120 za mraba, kwa bolti tatu za M8 za daraja 8.8. Na sakafu chini yake iwe nzima. Ndiyo maana bisibisi imetangulia. Bomba la kubahatisha ni baya kuliko kukosa, kwa sababu likijikunja linakaa sentimita chache kutoka kichwani mwenu. Kama hamwezi kupata bomba sahihi, msifunge kitu. Endesheni kwa namna isiyohitaji kizimba hicho cha bomba.

Namna hiyo ipo. Magari matatu yasikimbie pamoja. Kwenye udongo, wa nyuma anaendesha ndani ya vumbi la wa mbele, haoni kitu. Gari moja liingie, saa ihesabu, litoke, ndipo jingine liingie. Na kwa kuwa 504 haitaifikia 240Z kwa kasi, shindaneni kwa usahihi: raundi ya kwanza ya kila dereva inakuwa muda wake, na katika nne zinazofuata anayekosea sekunde chache kuliko wote kutoka kwenye muda wake mwenyewe ndiye mshindi. Haina huruma kwa wenye papara, inaokoa pedi na injini, na kwa maoni yangu ina utani mwingi zaidi wa kijiweni kuliko kukimbizana.

Njia ipangwe kwa madumu matupu, isiwe na sehemu iliyonyooka zaidi ya mita 150. Kwenye changarawe ngumu, gari la kilomita 100 kwa saa linahitaji karibu mita 115 kusimama, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka. La 60 linahitaji kama 50. Miti na mashina yawe mita 50 au zaidi kutoka kila mahali gari linapoweza kuteleza, vichuguu vilivyofichwa na nyasi vitafutwe kwa miguu siku moja kabla, na watazamaji wakae upande wa ndani wa njia, nyuma ya pa kuanzia. Nje ya kona asikae mtu, hata mwenye simu ya kupiga picha, na huyo hasa. Mwagieni maji kwa boza asubuhi na mchana.

Dereva avae helmeti ya magari isiyowahi kupigwa, nguo za pamba za mikono mirefu, mkanda wa pointi tatu uliofungwa kwenye chuma kizima. Mtungi wa kuzimia moto, wa unga, wa kilo 2 ndani ya gari, na miwili ya kilo 6 pa kuanzia. Gari moja zima la kawaida lisimame tayari, tangi limejaa, dereva wake asionje pombe, kwa safari ya hospitali ya Kitete likitokea la kutokea. Tairi zisome: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zaidi ya miaka sita, hapana, hata kama kashata zake zimejaa. 195/70R14 zinakaa kwenye gari hili.

Lami ya alfajiri: hapana. Kushindana barabarani bila kibali ni kosa, na bima nyingi haziwatambui mkiwa mnashindana. Lakini hata bila sheria, kwa kilomita 120 kwa saa mnapita mita 33 kila sekunde. Baiskeli ya mkaa isiyo na taa mtaiona kwa taa za 1972 mkiwa mmebakiwa na sekunde moja na nusu. Magari hayapo saa hiyo, ila watu wapo. Shambani nako pateni ruhusa ya shemeji kwa maandishi, mwarifuni mtendaji wa kata na polisi wa usalama barabarani. Mkitaka liwe jambo la kila mwaka, waandikieni Automobile Association of Tanzania, ambao ndio wenye mamlaka ya mchezo huu nchini chini ya FIA.

Kuna mambo msiyafanye peke yenu. Masta silinda ikishindwa kile kipimo cha kuhesabu hadi 60, au kalipa ikiwa imeshika, mpeni fundi wa breki anayebadilisha raba mbele yenu. Gari likiwahi kuchemsha, pimeni kompresheni: tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 20, na kichwa kilichopinda zaidi ya milimita 0.1 kipelekwe kwenye mashine, Mwanza au Dar. Kwa weldi ya sakafu na reli, walimu wa uchomeleaji wa chuo cha ufundi cha VETA Tabora watawaambia kwa kutazama tu kama bati linabeba au la. Gari la breki mbovu lipelekwe kwa fundi juu ya lori, lisiendeshwe polepole.

Jumamosi jioni, kabla ya kula, kazeni nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, Nm 85, kwa sababu rimu zilizopata moto hulegea. Pimeni oili, tazameni rangi ya mafuta ya breki, na tazameni pedi. Zikibaki chini ya milimita 3, Jumapili gari hilo lipumzike na dereva wake apewe saa ahesabie wenzake.